Sharubati ya Asumini

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Aghalabu methali hii hufasiriwa kwa kurejelea chakula: mgeni akija, chungu hutelekwa, na mwenyeji aliyekuwa akijipitishia siku kwa makombo hupata naye kushiba. Hata hivyo, yeyote aliyekulia katika mwambao wa Kenya anafahamu fika kwamba kabla ya chakula huja kinywaji, na kwamba katika miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, kinywaji hicho ndicho salamu yenyewe. Mgeni huingia jasho likimtiririka, akaketi, na kabla hajaulizwa habari za aliowaacha kwao, hutiliwa bilauri ya kitu baridi. Kilichomo katika bilauri hiyo humweleza mengi kuhusu mwenyeji wake. Ikiwa ni soda ya dukani, hujua kwamba mtoto alitumwa mbio alipoonekana anakuja. Ikiwa ni sharubati iliyokamuliwa kwa mkono, hujua kwamba yupo mtu aliyeamka mapema kwa ajili yake.

Kisa kinachosimuliwa hapa kinahusu sharubati moja iliyotengenezwa katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Kwa nje ni kisa cha ndimu, maua na viputo. Kwa ndani ni kisa cha lugha, maana swali lililowashughulisha watu wa nyumba hiyo kwa wiki nzima halikuwa jinsi ya kukitengeneza kinywaji tu, bali pia jinsi ya kukitaja mbele ya watu.

Binti wa nyumba hiyo alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea ualimu wa Kiswahili. Dada yake mkubwa alikuwa anaolewa katikati ya Februari, na shughuli ya wanawake, ile ya kumpamba bi arusi, ilikuwa ifanyike uani kwa nyanya yao. Wageni walitarajiwa kuwa 60. Mama yao alipendekeza yaagizwe makreti ya soda, mambo yaishe. Nyanya akakataa kwa sauti ya upole isiyojadiliwa: soda ya kreti, alisema, ni ya baraza la chifu, si ya arusi ya mjukuu. Wageni wangekunywa sharubati ya ndimu kama walivyokunywa katika arusi ya mama huyo huyo. Binti alikuwa na wazo la tatu. Alijua kwamba wasichana wa rika lake wamezoea kinywaji kinachowasha ulimi, na kwamba sharubati iliyotulia katika bilauri wangeionja kwa adabu kisha waiache. Alitaka sharubati ya nyanya, yenye harufu ya maua ya nyanya, lakini iliyo na viputo.

Njia ya kupata viputo alikuwa ameisikia kwa mwenzake wa bwenini, ambaye shangazi yake ni muuguzi nchini Uingereza. Huko, majira ya joto yanapokaribia, mwishoni mwa Mei na mwezi wa Juni, kuna mti mdogo wa vichakani unaochanua vishada vya maua madogo meupe yenye harufu tamu. Wataalamu wa mimea huuita Sambucus nigra. Wenyeji huchuma vishada hivyo siku ya jua, wakaviroweka katika maji pamoja na sukari, malimau yaliyokatwakatwa na siki kidogo. Hawatii hamira, kwa kuwa juu ya maua yenyewe huishi hamira ya mwituni, na hiyo hutosha kuuamsha mchanganyiko. Baada ya siku chache maji huchujwa na kutiwa chupani, na baada ya wiki moja au mbili huwa kinywaji chenye viputo na harufu ya maua, kinachonywewa bustanini watu wanapokusanyika. Kila aliyekitengeneza hupewa onyo moja: chupa ikizibwa kabisa na kusahaulika, inaweza kupasuka.

Binti akaona kwamba kila kilichohitajika kilikuwa na ndugu yake pale nyumbani. Badala ya maua ya Uingereza zilikuwapo asumini za uani, na badala ya malimau zilikuwapo ndimu. Kwa kuwa hakuwa na hakika kwamba asumini zingeleta hamira yao wenyewe, alitia chembe chache za hamira ya dukani. Usiku wa Jumatatu aliijaza chupa moja ya plastiki kwa majaribio, akaificha nyuma ya mtungi. Joto la kaskazi halikumchelewesha. Kufikia Jumatano chupa ilikuwa imekuwa ngumu kama mpira wa kandanda, na nyanya, aliyekwenda mtungini kuchota maji, ndiye aliyeiona kwanza. Alikifungua kizibo taratibu, akasikia chupa ikitoa sauti, akanusa, kisha akaita.

"Labeka, nyanya," binti akaitika huku akija.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Ni sharubati, nyanya."

Nyanya akanusa tena. "Sharubati haipigi mluzi," akasema. Kisha, bila ghadhabu yoyote, akauliza swali lililobadilisha mambo yote: "Siku ya shughuli, wageni wakiniuliza wanakunywa nini, nitawajibu vipi?"

Binti alikuwa na majibu tele. Angeweza kusema kwamba hamira ile ile ndiyo inayoumua mahamri yanayoliwa kila asubuhi katika nyumba hiyo. Angeweza kusema kwamba siku mbili ni chache mno, na kwamba hakuna ambaye angelewa kwa bilauri moja. Lakini hakuna hata moja kati ya majibu hayo lililojibu swali aliloulizwa. Nyanya hakuuliza kama wageni wangelewa. Aliuliza atawaambia nini. Kimya kilipozidi, aliichukua chupa, akaimwaga kwenye mchanga wa uani, akasema, "Atakayekunywa hapa hatakiamini kinywaji, mwanangu. Ataniamini mimi."

Yafaa kusema waziwazi kwamba katika jambo hili nyanya, ambaye hakuwahi kuingia maabara, alikuwa upande mmoja na kemia. Hamira inapokula sukari hutoa vitu viwili kwa pamoja, navyo ni gesi ya kaboni dioksidi na alkoholi. Haiwezi kutoa kimoja ikaacha kingine. Gramu 180 za glukosi zikichacha zote, hutoa takriban gramu 88 za gesi na gramu 92 za alkoholi, yaani karibu sawa kwa sawa. Katika mahamri, gesi huumua unga, na moto wa karai huifukuza sehemu kubwa ya alkoholi pamoja na mvuke. Katika chupa iliyozibwa hakuna moto. Kila gramu ya gesi inayomfurahisha mnywaji ulimini ina pacha wake wa alkoholi aliyebaki majini. Kinywaji kilichopata gramu 6 za gesi kwa kila lita kwa njia ya hamira kimepata pia zaidi kidogo ya gramu 6 za alkoholi kwa lita hiyo hiyo, na kikiachwa chupani sukari ingalipo, hesabu huendelea kupanda. Kiasi hicho ni kidogo. Katika bia ya kawaida huwa mara kadhaa zaidi. Hata hivyo, wengi wa Waislamu wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo hushika kwamba kinacholevya kikiwa kingi, kichache chake nacho ni haramu. Mwenyeji katika nyumba kama hiyo hana ruhusa ya kuwapimia wageni wake dhamiri zao kwa gramu.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba lugha ilikuwa imelijua tatizo hili zamani. Neno sharubati limetoka katika mzizi wa Kiarabu unaohusu kunywa. Mzizi huo umesafiri mbali: Waingereza wanao katika majina yao ya shira na ya sharubati, nao Wafaransa vivyo hivyo. Katika Kiswahili umetupa pia kitenzi sharabu, yaani kunyonya maji kama kitambaa kinavyonyonya. Lakini katika Kiajemi na Kiurdu, neno sharab lililotoka katika mzizi uo huo huo ndilo jina la mvinyo. Kwa hivyo njia mbili zilitoka mlango mmoja. Njia moja iliongoza kwenye maji matamu ya matunda na maua yanayonywewa na mtoto na mzee bila hofu. Nyingine iliongoza kwenye kileo. Mswahili aliposema sharubati alikuwa amekwisha kuchagua njia, na kila mgeni anayeambiwa karibu sharubati hupokea pamoja na bilauri hiyo ahadi kwamba njia haikubadilishwa. Kukiita sharubati kinywaji kilichochacha ni kuivunja ahadi hiyo kimyakimya.

Je, viputo na kileo ni lazima viende pamoja? Binti alitaka kujua, na jibu lake lina historia yake. Mwaka wa 1767, mhubiri na mwanasayansi Mwingereza aliyeitwa Joseph Priestley alihamia mjini Leeds, akawa jirani wa kiwanda cha pombe. Juu ya mapipa ya pombe inayochacha hukaa tabaka la gesi iliyo nzito kuliko hewa. Priestley aliona kwamba maji yakimiminwa kutoka chombo hadi chombo ndani ya tabaka hilo, huisharabu gesi yakawa na ladha ya kuchangamsha ulimi. Baadaye aliitafuta gesi hiyo hiyo mbali na pipa la pombe: akamwagia chaki tindikali kali, gesi ikatoka, akaiongoza majini. Mwaka wa 1772 alichapisha kijitabu cha kueleza njia hiyo. Kufikia 1783, Johann Jacob Schweppe alikuwa ameanza kuitumia njia ya aina hiyo kwa biashara mjini Geneva. Kwa maneno mengine, viputo vilizaliwa nyumbani kwa pombe, lakini vilihama humo miaka zaidi ya 200 iliyopita, na tangu hapo vimekuwa na makao yao wenyewe.

Binti alipomsimulia nyanya habari hizo, nyanya alicheka kidogo. Viputo visivyo na pombe, alisema, yeye amevijua tangu utotoni. Mtu akivimbiwa baada ya karamu, alitiliwa magadi kidogo katika maji ya ndimu. Maji yakafoka, naye akayanywa upesi kabla hayajatulia. Basi mbona wasitumie magadi?

Wazo hilo lilistahili kujaribiwa, na kwa mwanafunzi wa lugha lilikuwa na utamu wa ziada. Magadi ni chumvi ya ardhi inayopatikana kwa wingi katika ziwa lenye jina hilo hilo huko Kajiado, ambako kampuni ya kuyachimba kibiashara iliundwa mwaka wa 1911. Jina la Kiingereza la chumvi hiyo ya familia ya magadi ni soda. Maji ya kwanza yenye viputo yaliitwa kwa jina hilo kwa sababu baadhi yake yalitiwa chumvi hiyo, na hatimaye jina la chumvi likawa jina la kinywaji. Kwa hivyo Mswahili anapoagiza soda baridi dukani, kwa asili ya neno anaagiza magadi baridi, hata kama hajui.

Ulimi, hata hivyo, haudanganywi na asili ya maneno. Walitumia magadi yaliyosafishwa, ule unga mweupe wa kuumulia keki, na matokeo yakawa kama kemia inavyotabiri. Asidi ya ndimu na unga huo huangamizana: kila gramu 84 za unga hula takriban gramu 64 za asidi, zikatoa gramu 44 za gesi. Sasa, ndimu ndogo ya pwani iliyokamuliwa vyema hutoa kama mililita 17 za maji, ambamo mna takriban gramu moja tu ya asidi. Hata ikiliwa yote, gesi inayopatikana haifiki gramu moja, na kinachobaki katika bilauri si ndimu tena bali maji yenye chumvichumvi. Viputo vilikuja vikaondoka, navyo viliondoka na ukali wote. Nyanya alionja, akairudisha bilauri mezani. "Hii ni dawa," akasema. "Wageni wangu si wagonjwa."

Ilibaki njia ya Priestley, ambayo siku hizi haihitaji chaki wala tindikali: kununua dukani maji ya soda yasiyo na sukari wala rangi, ambayo si chochote ila maji yaliyoshindiliwa gesi. Lililobaki nyumbani ni kazi ya kutengeneza shira nzito yenye ndimu na maua, kisha kuvikutanisha viwili hivyo mbele ya mgeni mwenyewe. Kazi hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba nyanya hakuwa mtu wa kukataa tu. Kuanzia hapo uongozi ulikuwa wake.

Asumini, alieleza, huchumwa jioni zikiwa bado zimefumba, kwa kuwa harufu yake hufunguka usiku pamoja na ua lenyewe. Lazima ziwe asumini za kweli, zilizopandwa nyumbani na zisizonyunyiziwa dawa ya wadudu, kwani yapo maua mengine mazuri ya bustani ambayo ni sumu, na mtu asiyeyajua asithubutu kuyatia kinywani. Vikonyo viliondolewa, maua yakasuuzwa, kisha konzi mbili zikaelezwa juu ya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa kabisa. Bakuli lilifunikwa kwa kawa hadi alfajiri. Binti alipouliza kama isingekuwa haraka zaidi kuyachemsha maua, alijibiwa kwamba harufu ya asumini ni kama mgeni mwenye haya: ukimkimbilia, anaondoka. Naam, ndivyo ilivyo, kwa kuwa mafuta yanayobeba harufu hiyo ni mepesi na hupeperushwa na moto. Wathai nao, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, huyaeleza maua ya asumini katika maji baridi usiku kucha kwa sababu iyo hiyo.

Alfajiri ya siku ya shughuli maua yalitolewa kabla hayajaanza kusinyaa na kuyachungua maji. Ndimu 60 zilikuwa zimeoshwa, na hesabu hiyo ilimpendeza nyanya, kwa kuwa ilikuwa ndimu moja kwa kila mgeni. Maganda ya ndimu 10 yalikwaruzwa juu juu, sehemu ya kijani peke yake, maana ngozi nyeupe iliyo chini yake ni chungu. Makwaruzo hayo yalisuguliwa kwa vidole pamoja na sukari kilo moja na nusu hadi sukari ikawa na unyevu na jiko zima likanukia. Ndipo ndimu zote zikakamuliwa, zikatoa takriban lita moja, na mbegu zikaondolewa mara moja kwa kuwa nazo huleta uchungu. Sukari iliyeyushwa katika maji ya asumini bila moto, kwa kukoroga na kusubiri. Maji ya ndimu yakafuata, kisha vijiko vinne vikubwa vya maji ya waridi, wala si zaidi, kwa sababu waridi likizidi kinywaji hugeuka marashi. Mchanganyiko ulichujwa mara mbili kwa kitambaa safi. Shira iliyopatikana ilikaribia lita tatu, nayo iliwekwa ndani ya barafu pamoja na chupa za maji ya soda.

Kuchuja na barafu havikuwa mapambo. Vipande vidogo vya nyama ya ndimu vikibaki katika shira, gesi huvikusanyikia, ikafoka na kwisha kabla bilauri haijafika mkononi. Nalo joto ni adui mkubwa zaidi. Pasipo kushindiliwa, lita moja ya maji yaliyo karibu kuganda huweza kushika takriban lita 1.7 za gesi hiyo. Maji ya nyuzi 20 hushika karibu lita 0.9, na ya nyuzi 30, ambalo ndilo joto la kawaida la mchana wa kaskazi, hayashiki zaidi ya lita 0.7. Kwa hivyo kila bilauri ilitiwa kwanza mililita 50 za shira, kisha mililita 200 za maji ya soda yaliyomiminwa polepole ubavuni mwa bilauri, ikakorogwa mara moja tu. Hakuna kilichochanganywa mapema katika ndoo.

Lilibaki jina, na hapo kila mtu alikuwa na neno lake. Mtoto wa jirani alipendekeza soda ya nyanya, nyanya akasema yeye hana kiwanda. Mama alipendekeza sharubati ya gesi. Nyanya akauliza nani atakayekubali kunywa kitu anachopikia. Binti, aliyekuwa ameyapekua makamusi, alisema kwamba lugha inatofautisha povu na kiputo: povu ni la sabuni na la bahari iliyochafuka, lakini kiputo ni kile kitufe kimoja cha hewa kinachopanda majini. Sharubati ya viputo, basi. Neno hilo lilikubalika, ingawa nyanya aliona kwamba linaeleza kinachoonekana tu. Hatimaye bi arusi mwenyewe, kwa mzaha, akasema waiite shampeni ya asumini.

Wote walicheka isipokuwa nyanya. Naye, bila kujua, alikuwa na wenzake mahakamani. Nchini Uingereza kiliwahi kuuzwa kinywaji kisicho na kileo, kilichotengenezwa kwa maua yale yale ya vichakani na kutiwa gesi, katika chupa iliyofanana na ya mvinyo, kwa jina la shampeni ya maua hayo. Watengenezaji wa mvinyo wa jimbo la Champagne, Ufaransa, walishtaki. Mwaka wa 1993 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba jina hilo lisitumiwe, kwa kuwa lingeweza kuwapotosha wanunuzi na kulipunguzia jina la Champagne upekee wake. Wafaransa walikuwa wakilinda mvinyo dhidi ya sharubati. Nyanya alikuwa akilinda sharubati dhidi ya mvinyo. Kanuni iliyowaongoza ilikuwa moja. Jina ni mkataba, na kulikopa bila idhini ni kumnyang'anya mtu wa tatu asiyekuwapo, yaani yule atakayekunywa kwa kuamini.

Shughuli ilianza baada ya alasiri. Wasichana walizinywa bilauri zao upesi, wakarudi kwa za pili, na wengine wakauliza ilinunuliwa wapi. Kwa binti, hilo lilikuwa tuzo ya kutosha. Lakini kipimo chenyewe kilikuja baadaye, alipoingia bibi mmoja mkongwe, rafiki wa nyanya tangu chuoni walikosoma Kurani pamoja. Alipewa bilauri. Akaitazama, akaona viputo vikipanda kimoja baada ya kingine kutoka chini, akaishusha mapajani bila kuonja. Hakuuliza kitu, maana adabu ilimzuia. Alimtazama tu mwenyeji wake.

Nyanya akamkaribia, akaketi kando yake. "Ni ndimu," akasema, "na sukari, na asumini za hapa uani, na maji ya waridi kidogo. Viputo ni vya maji ya soda ya dukani, mjukuu wangu ameyatia sasa hivi ulipokuwa unaketi. Hakuna kilicholala."

Bibi yule akasema bismillahi, akanywa, akafumba macho kwa baridi yake.

Ni katika maneno hayo machache ambapo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kupata somo asilolipata kwa urahisi katika mihadhara. Nyanya hakutumia istilahi hata moja mpya. Hakusema uchachushaji, wala kaboni dioksidi, wala viputo kama jina la aina ya kinywaji. Alisema hakuna kilicholala, na kwa kitenzi hicho kimoja cha jikoni alikuwa ameeleza kila lililohitaji kuelezwa: kwamba hakuna hamira, hakuna siku mbili nyuma ya mtungi, hakuna pacha wa alkoholi aliyejificha. Mgeni alimwelewa papo hapo, kwa sababu wote wawili walijua tangu utotoni kwamba maji ya matunda yakilala katika joto la pwani huchacha.

Haya hayasemwi ili kuwabeza wanaounda istilahi. Kazi yao ni ya lazima, na bila neno kiputo mjadala wa nyumba ile ungekwama mapema. Kemia nayo ilihitajika, maana ndiyo iliyoonyesha mahali ambapo viputo na kileo vinaweza kutenganishwa. Hata hivyo, baada ya kamati kuridhika na mofolojia ya neno, na baada ya kamusi kulipa fasili yake, bado kuna mtihani mmoja: je, mwenyeji anaweza kulitamka mbele ya mgeni wake, wakiwa wamekaa bega kwa bega, na mgeni akapata kujua ukweli wa kilichomo katika bilauri? Neno likishinda mtihani huo, limekuwa la Kiswahili. Likishindwa, liendelee kutafutiwa mwenzake, na mahali pema pa kumtafutia ni jikoni, alfajiri, watu wakikamua ndimu.

Shira kidogo ilibaki siku ile, kama bilauri nne hivi. Mama alitaka iwekwe hadi kesho yake. Nyanya akasema ndimu ya jana huwa chungu, akawaita watoto wa jirani, wakaimaliza.